Ushauri na Anti: Eksirei ya mzee ni nyeupe pe, bwanangu anasema hiyo ni nguvu

Anti habari yako. Mimi husoma majibu yako kila wiki nikisema moyoni zangu si za kuandikia mtu, lakini hii sasa imenilemea, usiku nageuka tu kitandani, kwa hivyo univumilie kama itakuwa ndefu na kama nitachanganya mambo.

Mimi ni msichana wa Kakamega, niliolewa huku Nakuru upande wa Mbaruk 2013. Tunakaa boma moja na wazazi wa bwanangu na sina ubaya nao hata kidogo, hiyo niseme kwanza kabla watu hawajaanza. Baba mkwe alichimba kisima hapa 1996 na pesa aliyopewa akiachishwa kazi, na wakati huo nasikia huku kulikuwa kukavu, wamama wanaenda maji na punda asubuhi wanarudi saa saba, sasa yeye badala ya kununua matatu kama wenzake akaita watu wa mashine wakachimba mpaka maji ikatoka. Mpaka leo hakuna mtu humwita jina lake, ni Mzee wa Maji. Mtungi mmoja tunauza shilingi 5 na hiyo ndio ilisomesha bwanangu na dada zake na ndio inalipa karo ya kijana wangu saa hii. Nakuambia haya yote ndio ujue hiyo koki si koki tu.

Shida ni mzee. Miaka minne hivi amekuwa akikauka, sijui niseme aje, si kukonda, ni kukauka kama mti. Ukimwita kutoka nyuma hageuzi shingo, anazungusha mwili wote pole pole kama lori inatafuta mahali pa kugeuzia. Chai akinywa hawezi kurudisha kichwa nyuma amalize ile ya mwisho, inabidi aegemee kiti mwili mzima, na kama kuna mgeni anaiacha tu hiyo ya chini ndio asionekane. Mimi ndio huosha hicho kikombe kwa hivyo najua. Mgongo na magoti vinamuuma kila siku, anameza diklofenaki kama peremende. Alafu mwezi wa sita akateleza kwa zizi, hata si kuanguka kwa maana, alikaa tu chini vibaya, na mfupa wa paja ukavunjika huko juu karibu na nyonga.

Hospitali walimpiga picha, na yule kijana wa pale akaiinua kwa mwanga akasema heh, huyu mzee mifupa yake ni mizito, hata mtu wa miaka 20 hana hii. Basi. Hayo maneno ndio yamekuwa wimbo. Bwanangu alirudi na hiyo eksirei akaitundika kwa dirisha la sebuleni na vibanio vya nguo, kila mgeni akikuja anaonyeshwa, "angalia mifupa ya baba, nyeupe pe, hiyo ni chuma." Hakuna mtu anauliza chuma imevunjika aje mtu akikaa tu chini.

Sasa kabla ya hapo kuna msichana wa chuo alikuwa anazunguka na chupa akichukua maji ya visima vya huku, ati ni ya utafiti wake. Alirudi na karatasi, kisima chetu floraidi, ati ni madini ya mawe yanayeyuka kwa maji, miligramu 6.8 kwa lita, na pembeni ameandika mwisho ni 1.5. Bwanangu akasoma, akaikunja mara nne, akaiweka nyuma ya kalenda. Akaniambia "tumekunywa hii maji tangu tuwe watoto, nani amekufa?" Nikanyamaza. Lakini kijana wangu wa miaka 9 meno ya mbele yametoka na madoa ya kahawia, mama yangu alikuja kutoka Kakamega akaniuliza kwa sikio kama mtoto ameanza tumbaku. Siku hizi akipigwa picha anafunika mdomo na mkono. Na niko na kasichana ka miaka 2.

Nimejaribu. Nilisikia kuna filta za floraidi, kuuliza nikaambiwa ndani huwekwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, nikakosea nikasema hiyo mbele ya mama mkwe. Alisema yeye akiwa hai hakuna mtu atampatia maji yamepitia kwa mzoga. Wifi yangu wa Nairobi naye alituma dawa, kalsiamu na ile ya kumeza mara moja kwa wiki ya watu wa mifupa dhaifu, ati mamake rafiki yake hutumia, na mzee anaimeza akiwa amelala juu kukaa ni shida.

Na kuna kitu kingine, hicho ndicho huninyima usingizi kabisa. Jirani yetu amejifungua juzi, ananunua mitungi miwili kila siku, na anayefungua koki ni mimi.

Anti, ni hii maji ama ni uzee tu? Mifupa mizito inavunjika aje? Na mimi mtu wa kuja, nitasema aje bila kuonekana nimekuja kuharibu jina la boma la watu?

Mama wa Wawili, Mbaruk

Anti anajibu:

Mama wa Wawili, pole, na asante kwa hicho kikombe. Kabla nianze kukaa hapa kujibu barua za watu nilikaa chumba cha eksirei Kisumu miaka 22, na mzee anayeacha chai kwa kikombe kwa sababu shingo haiendi nyuma amenieleza mengi kuliko ripoti nyingi nimesoma. Kisumu picha zetu za mifupa nyingi zilikuwa za vijana wa sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, unakuta kile kichwa cha mfupa wa nyonga kimebonyea kwa sababu damu haikufika. Lakini mara moja moja analetwa mzee ametoka upande wenu wa Bonde la Ufa, unampiga picha inatoka nyeupe mpaka unadhani umekosea mashine. Unapiga tena. Nyeupe tena. Hapo unaacha mashine unamuuliza, mzee, wewe unakunywa maji ya wapi?

Nianze na swali lako la katikati, juu hilo ndilo bwanako ameshikilia.

Mfupa si jiwe, uko hai na una wafanyakazi. Umeona vile wanaziba mashimo kwa hiyo barabara yenu ya kwenda Gilgil, kwanza wanakuja wa kukata, wanakata shimo likae mraba na kutoa takataka, ndio nyuma yao waje wa lami. Mwili wako unafanya hivyo mchana na usiku, mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa yake hung'olewa na kujengwa upya kila mwaka. Wa kukata ni seli zinaitwa osteoklasti, zinakula mfupa kwa asidi, shimo moja wiki 2 mpaka 4 wamemaliza. Wa lami ni osteoblasti na hao hawana haraka, shimo hilo hilo litawachukua miezi, kwa sababu kwanza wanalaza nyuzi za kolajeni, unaweza kufikiria katani, zikishapangika vizuri ndio madini ya kalsiamu na fosfeti yanaingia katikati yake na kukauka. Nyuzi ndizo zinafanya mfupa ujipinde kidogo bila kukatika, madini ndiyo ugumu. Kioo ni kigumu kuliko plastiki, angusha vyote viwili jikoni uone ni gani utafagia.

Na kuna wa tatu, osteositi. Hao ni wa lami waliozikwa ndani ya kazi yao wenyewe, na ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa, wako huko ndani wameshikana mikono wakisikia kila lori ikipita, na wao ndio hutuma habari kwamba hapa pamepasuka, hapa hapabebi kitu. Wakati mimi nasoma tulikuwa tunawapita tu kama kaburi la mtu usiyemjua. Siku hizi sehemu kubwa ya utafiti wa mifupa ni kusikiliza hao. Kuna familia za Makaburu huko Afrika Kusini ambazo mifupa yao haiachi kunenepa, na kwa kuwachunguza wao ndio ikapatikana protini moja ya osteositi, sklerostini, ambayo kazi yake ni kuwaambia wa lami basi, inatosha. Hao watu hawana hiyo breki. Kutoka hapo ikatengenezwa dawa ya watu wa mifupa dhaifu na Marekani wakaikubali 2019. Nakutajia hao kwa sababu moja: wao eksirei yao ni nyeupe na mifupa yao haivunjiki ovyo, mzee wako eksirei ni nyeupe na amevunjika akikaa chini. Picha inahesabu madini peke yake. Haikuonyeshi nyuzi zimelala aje.

Sasa floraidi. Ukiinywa figo zinatoa sehemu, na ile inayobaki mwilini karibu yote, asilimia 99, inaenda kukaa kwa mifupa na meno. Huko inaingia ndani ya yale madini yenyewe, na tena inawachochea wa lami. Wanapigiwa kelele. Wanamwaga mahali hakuna shimo limekatwa, wanamwaga juu ya kingo, wanamwaga mpaka kwa mtaro, na mtaro hapa ni zile kano za uti wa mgongo na za mikono ambazo zinatakiwa zibaki laini, zinageuka mfupa, ndio unaona mzee anageuka kama lori. Na kwa hiyo haraka nyuzi zinalala ovyo, mahali pengine madini yamejaa kupita kiasi, mahali pengine hayajaingia vizuri. Barabara ni nzito, inang'aa, lori ya kwanza tu inapasua.

Si kitu kipya pia. 1932 madaktari wa Copenhagen walipiga picha wafanyakazi waliokuwa wanasaga krioliti, ni jiwe limejaa floraidi, wakakuta hizo mifupa nyeupe na migongo imekaza. Lakini ile ya kumsomea bwanako ni hii nyingine. Wakati mmoja madaktari wenyewe walifikiria kama yeye, wakasema kama floraidi inafanya mfupa kuwa mzito basi tuwape wanawake wazee wenye mifupa dhaifu. Mayo Clinic huko Marekani wakachukua wanawake 202, nusu wakapewa miligramu 75 za sodiamu floraidi kila siku, nusu dawa bandia, wote wakipewa kalsiamu, miaka 4. Matokeo yalitoka 1990. Mifupa ya mgongo, upande wa kiuno, ya waliopewa floraidi iliongezeka uzito kwa asilimia 35, na ukisikia hiyo unaweza kupiga makofi. Alafu wakahesabu mivunjiko. Ya uti wa mgongo haikupungua kwa maana yoyote. Ya mahali pengine, mikono, miguu, nyonga, ilikuwa 72 kwa waliopewa floraidi na 24 kwa wale wa dawa bandia.

Chukua simu tupige hesabu. Miligramu 75 za hiyo dawa zina floraidi yenyewe kama 34. Kisima chenu ni miligramu 6.8 kwa lita. Mzee kwa siku, maji, uji, chai, supu, hawezi kukosa lita 3, hiyo ni zaidi ya 20 kila siku, na hapo sijahesabu kwamba majani ya chai yenyewe huwa na floraidi yake. Wale wanawake walikaa nayo miaka 4 na daktari pembeni. Mzee anakaribia 30. Shirika la Afya Duniani wanasema mwisho 1.5, na kutoka 3 mpaka 6 mifupa inaweza kuanza kuharibika.

Hata hivyo mimi sijamwona mzee, na kuna kitu lazima niseme hata kama kitaongeza hofu. Mwanaume wa umri wake mifupa ikiwa myeupe, kansa ya tezi dume ikisambaa kwa mifupa inaweza kutoa weupe pia, na hiyo haingoji. Kwa hivyo arudi hospitali na hiyo eksirei, itolewe kwa dirisha kwanza, na muombe mambo mawili kwa mdomo wenu: kipimo cha damu cha tezi dume na kipimo cha figo. Figo kwa sababu ndizo mlango wa floraidi kutoka, zikichoka inabaki ndani zaidi. Na hapo ndipo hizo diklofenaki za kila siku zinanichoma roho, kwa sababu zinaumiza figo hizo hizo. Daktari ampangie dawa nyingine ya maumivu. Mkiona miguu inakufa ganzi, inakosa nguvu, ama mkojo unagoma au unatoka wenyewe, msingoje kliniki ya wiki ijayo, hiyo inaweza kuwa mfupa unabana mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo.

Ile ya wifi ya mara moja kwa wiki isimame mpaka daktari aseme. Dawa nyingi za aina hiyo zinawazuia wa kukata, na kwa mzee wa kukata hawajawahi kuwa shida. Na kuimeza umelala, jamani! Hiyo dawa mtu huimeza tumbo tupu na maji matupu gilasi nzima na kukaa wima nusu saa, la sivyo inachoma koo. Wifi alituma kwa upendo, mwambie hivyo, usimwambie amekosea.

Je, atapona? Zile kano zikishageuka mfupa hazirudi. Floraidi hutoka kwa mifupa lakini pole pole, miaka, kadiri wa kukata wanavyong'oa kidogo kidogo. Maumivu yanaweza kupungua maji yakibadilishwa, na mazoezi ya kunyoosha yatasaidia asikaze zaidi. Sikupi ahadi nyingine.

Lakini mwanangu, mgonjwa wangu wa kwanza kwa hiyo boma si mzee. Ni kasichana. Saa hii unaposoma hii, ndani ya fizi zake yale meno ya mbele ya ukubwani yanatengenezwa, na floraidi nyingi ikiingia sasa doa litatoka nayo akiwa na miaka 6 au 7, na hakuna mswaki wa kulitoa. Meno yakishatoka hayapati tena hiyo shida, ndio maana nakuambia hapa kuna haraka na kwa mzee kuna subira. Kijana wako meno yake ya mbele yameshatoka, lakini daktari wa meno anaweza kusugua juu ama kupaka kifuniko madoa yasionekane, si uchafu na si aibu yake, mwambie hivyo kabla wenzake hawajamwambia vingine.

Maji sasa. Kuchemsha hakutoi floraidi, kunapunguza maji tu na kuifanya iwe nzito zaidi. Klorini pia haigusi. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na mko na mabati. Bati la mita mraba 50, mvua ya milimita 20, hiyo ni kama lita 1,000 zimeshuka, toa kidogo ya kuosha vumbi ya mwanzo. Watu sita kwa kunywa na kupika peke yake, lita 30 kwa siku zinawatosha, kwa hivyo tanki la lita 5,000 likijaa ni zaidi ya miezi 5. Kufua, kuoga, kudeki, endeleeni na kisima. Na wewe msichana wa Kakamega najua mrenda, kama unaweka magadi ya duka acha, hayo nayo huwa na floraidi.

Filta ya mifupa mama mkwe ameielewa vibaya na simlaumu, mtu akikuambia mifupa ya ng'ombe unaona kichinjio. Mifupa inachomwa kwa joto kali, nyama, mafuta, harufu, vyote vinaisha, inabaki punje nyeusi kama makaa yaliyopondwa. Na kinachobaki hapo ni madini yale yale yaliyo kwa mfupa wa mzee. Floraidi inapenda mfupa, basi inapewa wa ng'ombe kwanza kabla haijafika kwa wa mzee. Huko kwenu Nakuru mradi wa maji wa Dayosisi ya Katoliki umetengeneza hizo filta miaka mingi, na wa Tanzania hutumia pia upande wa Arusha. Punje hujaa, haziendi milele, lazima maji yapimwe mara kwa mara na zibadilishwe, ukiona mtu anakuuzia filta anasema hutaibadilisha maisha, mfungie mlango. Mama mkwe akikataa kabisa abaki na ya mvua, usipigane vita mbili kwa wakati mmoja.

Bwanako usimwendee na neno sumu. Ukisema maji ya baba yako ni sumu umemwambia baba yake amewalisha sumu watu wa Mbaruk miaka 30, hakuna mwanaume atakaa aisikilize hiyo. Na si kweli pia. Mzee hakuweka kitu kwa hayo maji, ni mawe ya volkeno ya hilo bonde lote, maji yamekaa ndani yake miaka mingi yakiyayeyusha pole pole, angechimba jirani huenda angekuta floraidi pia. Mimi ningeenda kwa mzee mwenyewe. Kama kwenu mkaza mwana hazungumzi na baba mkwe mambo ya mwili wake, pitia kwa mama mkwe, na usiulize ugonjwa, uliza makaratasi ya kisima, yale ya 1996. Kama maji yalipimwa wakati huo jibu liko kwa sanduku lake, na nimeona wazee wa aina hiyo, mara nyingi anajua kitu na anangoja mtu wa kumuuliza kwa heshima. Kisha aombwe yeye, kama Mzee wa Maji, aite kisima kipimwe upya na maabara inayotambulika. Chupa iwe ya plastiki, si ya kioo, floraidi hushikana na kioo. Pampu iende dakika kadhaa kwanza, chupa isuuzwe mara tatu na maji hayo hayo, iandikwe tarehe. Kisima kikiwa chake na kipimo kiwe chake, bwanako atabaki kupigana na nani?

Biashara haifi. Maji ya kufua na ya mjengo watu watanunua bado, na yakichujwa vizuri ya kunywa mtungi hautakuwa wa shilingi 5 tena.

Jirani hata hivyo usimngojeshe kipimo kipya wala kikao cha familia, hapo sikubaliani na wewe kunyamaza hata wiki moja. Kama mtoto ananyonya, maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana, kwa hivyo huyo mtoto bado yuko salama, shida inaanza siku ya kwanza ya uji. Mpelekee mtungi wa maji ya mvua kama zawadi ya uzazi, umwambie huu ni wa uji wa mtoto ukifika wakati, na umwambie kwa nini, nyinyi wawili tu. Karatasi ya nyuma ya kalenda ipige picha kwa simu kabla haijapotea. Na chai ya mzee ya kesho asubuhi uipike na maji ya mvua, usimtangazie mtu.